Umeachwa nje ya boti siku ya mwisho ya kambi? Usiende madukani

Leo binti mmoja wa Lindi, mpiga makasia, kaniandikia: "Shikamoo kaka. Kesho tunamaliza kambi huku Afrika Kusini. Mimi nimeachwa nje ya boti ya majaribio, wenzangu wengine waliobaki wanaenda madukani. Nifanye nini?" Moyo ulinienda mbio, maana yaliyompata yeye ndiyo yaliyonipata mimi, na mahali ni hapo hapo: bwawa la Roodeplaat, nje kidogo ya Pretoria.

Mimi mtoto wa Mikindani. Kafi nilianza kulishika kwenye mtumbwi wa babu kabla sijaanza shule. Lakini boti ya mashindano ina mambo yake. Unakaa umeipa mgongo njia unayokwenda, kiti kinateleza kwenye reli, na nguvu inaanzia miguuni ndipo ifike mikononi. Tena Roodeplaat iko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari; sisi watu wa pwani pumzi zilitukatikia njiani. Ya katikati ya kambi nayaruka: baridi ya Julai, malengelenge, kulala mapema.

Siku ya mwisho ikawa ya majaribio ya mita 2,000, boti ya watu wanne. Kocha akasoma majina, langu halimo. Nafasi yangu kapewa mwenzangu ambaye kwenye mashine ya kupigia makasia nchi kavu nilikuwa namwacha kila tukipimwa. Sikuelezwa sababu. Mpaka leo linaniuma, na siamini kama nilitendewa haki.

Lakini madukani sikwenda. Nilishuka ukingoni nikaifuata ile boti kwa miguu, macho kwenye maji. Kila kasia likitoka majini huacha duara linalozunguka. Tazama umbali kati ya duara hilo na linalofuata la kasia lile lile, utajua boti inateleza au inakwama. Mwanzoni maduara yaliachana vizuri. Walipokaribia mita 1,500 yakaanza kubanana, na huku mikono inakwenda mbio kuliko mwanzo! Yule anayekaa karibu na tezi, ambaye wote wanafuata mdundo wake, alikuwa anakikimbiza kiti kabla ya kuzamisha kasia, na kiti kikikimbizwa kinaivuta boti kinyume. Ningekuwa ndani nimeutazama mgongo wa mwenzangu, nisingeliona hilo.

Jioni tukafungua vyuma vya kuegemezea makasia kwa spana namba 10 ili boti zipande kwenye trela. Wenzangu wanapiga soga, mimi na futi kamba na daftari: urefu wa kasia, ambao kwa makasia mawili, moja kila mkono, ulikuwa kama sentimita 288, na kimo cha kishwara, kile kinachoshika kasia, kutoka kwenye kiti. Vipimo hivyo ndivyo tulivyotumia Mtwara kufungia boti yetu ya mazoezi, na vijana wapya leo wanapimiwa na mimi. Najivunia hilo, sifichi.

Kwa hiyo mdogo wangu, zawadi utanunua uwanja wa ndege. Kesho amka na wenzako. Mfuate kocha wako kwa adabu, muulize sababu ya kuachwa, na akupe muda wako wa kila mita 500, uandike. Kisha nenda ukingoni utazame maji. Madukani usiende! Sizwe Ndlovu na wenzake watatu, wapiga makasia wa Afrika Kusini waliochukua dhahabu ya Olimpiki London mwaka 2012, walijifua kwenye bwawa hilo hilo. Wewe umefika walipofika wao, halafu ukakague viatu? Sisi watu wa kusini tumezoea kuridhika na kusafiri tu, tukirudi tunaonyesha picha. Picha haziendeshi boti. Rudi na vipimo, kwa sababu huku hakuna atakayekupa.

Ukifika Lindi, ingia ghubani alfajiri kabla kusi halijachachamaa, ujipime kwa ule muda wa Roodeplaat. Nitumie na mimi kabla hujapanda ndege, nikupangie mazoezi ya wiki ya kwanza.