Ufanisi, tija au ustawi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msomaji wako wa Likoni. Kikundi chetu cha vijana kinaandaa taarifa ya kulinganisha kaunti za Pwani, tujue ipi inatumia maliasili vizuri zaidi ili watu wake waishi maisha mazuri. Nimeandika hivi: "Taarifa hii inapima ufanisi wa maeneo katika kubadilisha rasilimali asilia kuwa ustawi wa binadamu." Mwenzangu mmoja ataka niseme tija badala ya ufanisi. Mwingine asema ufanisi na ustawi ni kitu kimoja, kwa hivyo sentensi inajirudia. Nani yuko sawa?

JIBU: Marahaba. Huyo mwenzako wa pili msimpuuze, maana sikio lake limenasa jambo la kweli. Ufanisi ni neno la ukoo wa fana, na maana yake ya zamani ni kufanikiwa, kupata neema. Mwambie mzee wa Mji wa Kale kwamba "hii ni kaunti yenye ufanisi". Huenda akafahamu kuwa watu wake wamo katika neema. Maana ya pili, ya kufanya jambo likatimia bila kupoteza muda wala mali, imeenea kupitia maofisi na magazeti, na sasa ndiyo inayosikika zaidi. Zote mbili ni halali. Lakini katika taarifa yenu zinagongana, kwa sababu mnachotaka kuonyesha ni kwamba mahali panaweza kuwa na neema tele huku pakifuja, na pengine watu wakaishi vizuri kwa kidogo.

Chukua Norwei. Kipimo cha Maendeleo ya Binadamu, ambacho Mahbub ul Haq na wenzake walikianzisha katika shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa mwaka 1990, hutazama umri wa kuishi, elimu na kipato. Maliasili hazimo. Ripoti ya 2020 iliiweka Norwei ya kwanza duniani. Kisha ripoti hiyohiyo ikapiga hesabu ya pili, ikapunguza alama kwa kadiri ya kaboni ambayo kila nchi inatoa na malighafi inazotumia, na Norwei ikateremka nafasi 15. Kwa ile maana ya zamani, Norwei ina ufanisi mkubwa. Kwa maana ya leo, imepitwa na wengi. Msomaji asiyejua umekusudia ipi atakuelewa kinyume, na kosa halitakuwa lake.

Tija nisingeitumia hapa. Ni neno la shamba, kiwanda na mfanyakazi: mkulima wa Kilifi huhesabu tija yake kwa magunia kwa ekari. Linafaa pale mavuno yanapopimika kwa kipimo kimoja, na ustawi hauko hivyo.

Basi ustawi ni nini? Tunapoimba "Raha tupate na ustawi" katika wimbo wa taifa, raha na ustawi vimetajwa kama vitu viwili vinavyofuatana. Kitenzi chake, stawi, twakitumia kwa mahindi na minazi: kukua vizuri, kushamiri. Mtu anaweza kuwa na afya na elimu na bado asiridhike na maisha yake. Watu wa vipimo wamegawanyika papo hapo. Happy Planet Index, kipimo kilichotolewa na New Economics Foundation ya Uingereza mwaka 2006, huanza kwa kuchukua umri wa kuishi, kikauzidisha kwa alama ambayo watu wenyewe wanayapa maisha yao, halafu kikagawanya kwa ukubwa wa ardhi na bahari unaohitajika kukidhi matumizi yao. Humo raha imo. Kosta Rika iliongoza orodha hiyo 2009, 2012 na 2016, ikazipita nchi zenye utajiri mkubwa kuliko wake. Kwa hivyo mkiandika ustawi, semeni mara moja mnamaanisha umri, afya, elimu, au pia kuridhika. Bila hivyo neno litabaki tamu lakini halina mipaka.

Sasa nije kwenye linalonishughulisha zaidi, ambalo hamkuliuliza. "Rasilimali asilia" si kosa, ila tuna neno moja linalotosha, maliasili, na wewe mwenyewe umelitumia ulipokuwa ukinieleza. Rasilimali ni pana: fedha ni rasilimali, hata watu. Lakini hatari iko kwenye kale kaneno kadogo "za". Mkisema "maliasili za Mombasa", mnakusudia zilizomo Mombasa, au zinazotumiwa na watu wa Mombasa? Sehemu ya maji yetu hutoka chemchemi za Mzima, Taita Taveta, yakasafiri katika bomba la kilomita 220 hivi. Mkiyahesabia Taita Taveta, Mombasa itaonekana imebana matumizi, na mtu wa Voi ana haki ya kulalamika. Kwale nako, mchanga wenye titaniamu ulichimbwa kuanzia 2013 hadi 2024, ukapakiwa melini hapohapo kwenu Likoni kwenda ng'ambo. Kwale ilitoa, waliotumia ni wengine. "Za" hubeba maana zote mbili bila kulalamika, kwa hivyo mtumie kitenzi: maliasili zinazochimbwa, zinazovuliwa, zinazotumiwa.

Na hicho "kubadilisha … kuwa" nakiondoa kabisa. Maji hayabadiliki kuwa ustawi kama maziwa yanavyoganda kuwa mtindi. Watu huyatumia, wakaishi. Kiswahili kinapenda mtu aonekane akitenda. Mimi ningeandika hivi: "Taarifa hii inalinganisha kaunti za Pwani kwa kutazama watu wa kila kaunti wanaishi vizuri kiasi gani, na wanatumia maliasili kiasi gani ili waishi hivyo." Mkishaisema hivyo mwanzoni, neno ufanisi mwaweza kulitumia kote mbele, kwa sharti mlifafanue mara ya kwanza linapotokea: ustawi mwingi kwa matumizi madogo ya maliasili.

Kwenye majedwali andikeni "kwa kila mkazi", si "kwa kila mwananchi". Mombasa ina wakazi wasio raia, na maji wanakunywa vilevile.