Je, watu wanaweza kuishi bila mkubwa na bila kutafuta faida?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni fundi pikipiki, Iringa. Gereji tupo wanne, na kompresa tulichangishana. Mwenzangu mmoja anasema tusiandikishane chochote wala tusiwe na msimamizi, kwa sababu hata nchi nzima ingeweza kuishi bila wakubwa na bila mtu kutafuta faida. Mimi nasema mtu asipoona faida yake hataamka asubuhi. Nani mkweli?

JIBU: Marahaba mwanangu. Mwenzako amekaribia ukweli kuliko wewe, ila kuna kitu amekiruka.

Mimi ni mtu wa Songea, na kwetu watu walilijaribu jambo hili kwa jembe. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, vijana wa TANU Youth League walihamia porini, mahali paitwapo Litowa, wakafyeka na kulima pamoja. Hakuna aliyewaswaga. Mbele yao alikuwepo Ntimbanjayo Millinga, kijana mwenzao. Mwaka 1963 vijiji vya namna hiyo vikaunda umoja wao, Ruvuma Development Association, na Mwingereza Ralph Ibbott akawa mshauri. Kufikia 1969 vilikuwa vijiji vipatavyo 17, vyenye mashine ya kusaga na ya kupasua mbao, mali ya wote. Watu hao waliamka asubuhi, mwanangu, na hapakuwa na tajiri aliyewasubiri shambani.

Lakini walikuwa na mikutano. Walichagua viongozi, wakapangiana kazi, na mvivu alisemwa mbele ya wenzake. Mamlaka ilikuwepo, ila iliishi kijijini na ikala ugali uleule. Hicho ndicho mwenzako alichokiruka.

Nakijua hata kwa udogo wake. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa kina wanawake 24. Sanduku lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti; mmoja ni mimi. Hatuna bosi. Ila ukichelewa unalipa faini, hata kama umetoka msibani kwa jirani. Mwaka juzi tulimwonea haya mwenzetu mmoja, tukampa mkopo wa pili kabla hajamaliza wa kwanza, bila kuandika, kwa kuwa tunampenda. Hela haikurudi, na yeye haji tena kwangu hata kuomba chumvi. Fedha nilishaisamehe. Urafiki ule bado unaniuma.

Utauliza, Litowa iliishia wapi? Mwalimu Nyerere aliipenda, na alipoandika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 alikuwa na mfano huo mbele yake. Wakubwa wengine hawakupendezwa na wanakijiji wanaojiamulia. Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ikauvunja umoja ule, mashine zikachukuliwa. Miaka michache baadaye, kwenye Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu walihamishiwa vijijini, wengi kwa nguvu, na walioamriwa kuishi kijamaa hawakulima kama waliojitakia. Kila nikifika hapo moyo huniuma, maana watoto wa shule leo hufundishwa kwamba ujamaa ulishindwa, na hawaambiwi kuna uliokuwa unatembea ukavunjwa miguu.

Kwa nchi nzima siwezi kukuahidi. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi wameishi muda mrefu bila chifu, nyama wakigawana, na mtu akichoshwa na wenzake anahamia kambi nyingine. Watu zaidi ya milioni 60 wasiojuana watahamia wapi?

Ninyi ni wanne na mnajuana. Kaeni jioni hii, mwandike kwenye daftari: kompresa ikifa mpira nani ananunua, anayeitumia zaidi anaongeza shilingi ngapi, na mmoja akiondoka anarudishiwa nini. Usimamizi upokezaneni kila mwezi, na aanze huyo mwenzako asiyetaka msimamizi. Kisha niandikie baada ya miezi mitatu, nataka kujua.