Kichocheo hakigeuzi moshi wa jenereta kuwa mafuta

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nina mashine ya kusaga na kukoboa inayotumia jenereta ya dizeli ya kVA 60. Nimesoma kwamba kichocheo cha shaba na zinki hugeuza hewa ukaa kuwa methanoli, kileo chenye sumu kinachowaka kama mafuta. Kuna muuzaji ananishawishi nifunge mkebe wa kichocheo hicho kwenye bomba la moshi, eti nitaokoa theluthi ya dizeli. Moshi wangu una joto la nyuzi 400 hivi. Je, linatosha, au nitumie nikeli? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba. Swali lako ni la joto, ila kabla ya joto muulize huyo muuzaji haidrojeni itatoka wapi.

Kilo moja ya methanoli inataka takriban kilo 1.4 za hewa ukaa na gramu 190 za haidrojeni. Hewa ukaa unayo. Haidrojeni ya kutosha haimo kwenye moshi wa dizeli, na ukiipata kwa kupasua maji kwa umeme, kila kilo itakula kilowati-saa 50 hadi 55. Sasa piga hesabu. Lita moja ya dizeli hutoa kilo 2.7 hivi za hewa ukaa. Kuigeuza yote kunahitaji gramu 365 za haidrojeni, yaani karibu kilowati-saa 19 za umeme. Lita hiyohiyo, kwenye jenereta nzuri, inakupa kilowati-saa 3 na nusu.

Watu wanadhani kichocheo kina nguvu yake ndani, na wauzaji wanakula kwa dhana hiyo. Kichocheo huharakisha mmenyuko wa kikemia, basi. Hakiongezi nishati hata chembe, wala hakisogezi mahali mmenyuko unapokomea. Hewa ukaa ni kama jivu, kaboni iliyokwisha kuungua. Kuifanya mafuta tena ni kuirudishia nishati yote iliyotoka, na ziada juu yake. Wengi hupotoshwa na kile kifaa cha kauri chenye platinamu kwenye bomba la moshi la gari. Kile kinamalizia kuunguza monoksidi ya kaboni iwe hewa ukaa. Kinateremka mlima, wewe unaambiwa upande.

Hata ukipewa haidrojeni ya bure, moshi wako haufai. Shaba hufanya kazi ikiwa metali, kwenye nyuzi 220 hadi 270 na mgandamizo wa baa 50 hadi 100 (baa moja ni karibu mgandamizo wa hewa ya kawaida). Bombani kwako mgandamizo unakaribia ule wa hewa ya kawaida, na oksijeni iliyobaki kwenye moshi itaigeuza shaba kuwa oksidi. Salfa ya dizeli nayo huigandia na kuiua. Kupita nyuzi 300, chembe za shaba hushikamana kuwa mabonge, kwa hiyo hizo 400 zako zinaharibu. Nikeli hutengeneza gesi ya methani badala ya methanoli, kwa haidrojeni nyingi zaidi. Tena ikipoa chini ya nyuzi 200 penye monoksidi ya kaboni, inaweza kutoa nikeli kabonili, gesi inayoua kwa kiasi kidogo sana.

Kazi hii inawezekana palipo na umeme mwingi usiotokana na kuchoma mafuta. Kiwanda cha George Olah kule Svartsengi, Aislandi, kilichoanza 2012, baadaye kilipanuliwa hadi uwezo wa kutoa tani 4,000 za methanoli kwa mwaka. Hewa ukaa yake ilitoka kwenye visima vya mvuke wa ardhini. Huku kwetu, mahali pa kuuliza swali lako ni Olkaria, Kenya, penye mitambo ya umeme wa mvuke wa ardhini.

Vidonge vya kutia tangini, sumaku za kufunga kwenye mpira wa mafuta, na sasa mkebe huu: vyote huuzwa kwa asilimia, kamwe si kwa kilo na kilowati-saa. Huo mkebe utabana moshi, na injini iliyobanwa hula mafuta zaidi. Akikung'ang'ania, tumia tangi la pembeni la lita 10 ulilolipima mwenyewe. Saga mahindi ya unyevu uleule, mara tatu bila mkebe na mara tatu ukiwa nao, uhesabu kilo za unga kwa kila lita. Akikuonyesha chupa ya "methanoli iliyotoka kwenye moshi", usionje. Mililita 10 zinaweza kukupofusha.