Kipande cha mti si seti ya nodi
Ndugu, umeuliza kwa nini $vituo/kituo[2], yaani kituo cha pili ndani ya kigeu $vituo, inakataliwa katika XSLT, lugha ya kubadilisha nyaraka za XML. Ni kwa sababu katika XSLT 1.0 kigeu kilichojazwa maudhui ndani yake, badala ya kupewa thamani kwa sifa ya select, hushika kipande cha mti, si seti ya nodi (mkusanyiko wa vipengele vya waraka), nacho hakiruhusu / wala []. Andika exsl:node-set($vituo)/kituo[2], inayogeuza kipande hicho kuwa seti ya nodi, baada ya kutangaza nafasi-jina http://exslt.org/common kwa kiambishi exsl. Ndivyo ninavyopanga kwa xsltproc, programu ya kuendesha XSLT, orodha ya vituo vya mabasi, kuanzia Kimara hadi Kivukoni. Kumbuka sana kwamba kilichomo ni nakala, hivyo ancestor::, yaani kupanda kwenye vipengele vya juu, haitakurudisha kwenye waraka wa asili, jambo lililowahi kunila jioni nzima. Katika XSLT 2.0 ya mwaka 2007 kizuizi hicho kiliondolewa, na $vituo/kituo[2] yako inakubalika.