Mwalimu na mwanafunzi wa shule binafsi: fedha ya serikali iko wapi?

SWALI: Nafundisha Hisabati katika sekondari binafsi hapa Kasulu, mkoani Kigoma. Binti yangu yuko kidato cha nne hapahapa, na sehemu ya ada yake inakatwa kwenye mshahara wangu. Wenzetu wa shule za serikali wanasomesha bila ada. Je, sisi wa binafsi hatuna fungu lolote? Nimeambiwa pia kwamba mtoto aliyesoma binafsi hapati mkopo wa chuo kikuu. Na mimi nakatwa asilimia 15 ya mshahara kulipa mkopo wangu wa chuo, pamoja na mchango wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ila nikiomba uthibitisho kwamba fedha zimefika naambiwa nisubiri. Naomba ufafanuzi.

JIBU: Mwalimu, pole na majukumu. Nianze na lile gumu ili tusipoteze muda: fedha ya elimu bila ada haifiki shuleni kwenu. Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioanza kutekelezwa Januari 2016, ulifuta ada katika shule za umma peke yake. Ruzuku ya uendeshaji, shilingi 10,000 kwa mwaka kwa mwanafunzi wa msingi na 25,000 kwa wa sekondari, nayo imepangiwa shule hizohizo. Hata ada ya mtihani wa kidato cha nne, ambayo mzazi wa shule ya umma hailipi tena, wewe utaendelea kudaiwa.

Haikuwa hivi tangu mwanzo. Enzi za ukoloni, shule za misheni zilizotimiza masharti zilipata ruzuku ya serikali, na mishahara ya walimu ilitegemea sana fedha hiyo. Jirani zenu wa Tabora wanaijua historia hii vizuri: Mwalimu Nyerere alisoma Tabora School ya serikali, kisha miaka ya 1940 akafundisha St. Mary's ya wamisionari mjini hapohapo. Mwaka 1969 Sheria ya Elimu ilizileta shule zilizokuwa zikipewa ruzuku chini ya serikali, na utaratibu ule ukaishia hapo. Shule binafsi za leo zimekua nje ya mfumo huo. Unafuu zinaoupata ni wa kodi, kwa mfano msamaha wa tozo ya kuendeleza ujuzi ambayo waajiri wengine hulipa kwa kila mshahara wanaotoa. Huo unaishia kwa mwenye shule. Haukufikii wewe wala binti yako.

Lakini serikali inamsaidia mtu mmoja mmoja, na hapo ndipo ninapotaka uweke nguvu zako zote. Binti yako amebakiza miezi michache tu kufika kwenye mlango mkubwa kuliko yote, nao ni kidato cha tano.

Uchaguzi wa kidato cha tano hauangalii kama mtoto alisoma shule ya nani. Unaangalia ufaulu, tahasusi (mchanganyiko wa masomo matatu anayochagua mwanafunzi) na nafasi. Mtoto wa shule binafsi mwenye alama za A hadi C katika masomo matatu ya tahasusi yake, na aliyetimiza vigezo vingine vya mwaka huo, anashindania nafasi sawa na mtoto wa shule ya kata. Na tangu mwaka wa fedha 2022/2023 kidato cha tano na sita katika shule za umma hakina ada. Piga hesabu mwenyewe: miaka miwili ya ada ya bweni unayoweza kuiepuka kwa kupanga mapema. Utabaki na godoro, sare, nauli na vitu vilivyoandikwa kwenye maelekezo ya kujiunga, navyo si kidogo, ila mshahara wa mwalimu unaweza kuvihimili.

Kwa hiyo ile fomu ya uchaguzi, Selform, ijazwe nawe ukiwa umekaa pembeni. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu baadhi ya shule binafsi zenye kidato cha tano huwashawishi wanafunzi wao wazuri wabaki, na mtoto wa miaka 17 hawezi kubishana na mkuu wa shule ofisini kwake. Wewe ni mwalimu na ni mzazi. Una haki ya kuiona fomu kabla haijatumwa. Kama binti anaipenda Hisabati kama baba yake, apange tahasusi za sayansi kwanza. Wanaofaulu kwa kiwango cha juu kabisa masomo ya sayansi kidato cha sita wana Samia Scholarship, ufadhili wa serikali wa masomo ya chuo kikuu ulioanza 2022/2023, ambao hauna marejesho.

Sasa hilo la mkopo. Uliyeambiwa naye amekosea, ingawa maneno yake yana chanzo. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu hutoa mkopo kwa kupima uhitaji, na mtu akiona ada kubwa ya sekondari iliyolipwa miaka minne anauliza, kwa haki, kama familia kweli haijiwezi. Aliyesoma binafsi hazuiwi kuomba. Anachotakiwa ni kuonyesha ada ile ilitoka wapi. Kama ililipwa na parokia, shirika au ndugu mfadhili, miongozo ya Bodi inataka barua ya huyo mfadhili. Kwako wewe, kama shule ilikupunguzia ada kwa kuwa ni mtumishi wake, omba barua yenye muhuri sasa hivi inayosema ulilipa kiasi gani na ulisamehewa kiasi gani. Wakuu wa shule binafsi huhama, na wakati mwingine shule zenyewe hufungwa. Ukisubiri miaka miwili unaweza kukuta hakuna wa kuisaini.

Jambo la pili ni jina. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo, kabla ya kupakiwa kwenye maombi, na majina ya huku kwetu yana herufi nyingi za kupotea. Cheti kinasema Nzobonimpa, Baraza la Mitihani (NECTA) linasema Nzobonipa, kitambulisho cha mzazi kinasema kitu cha tatu. Mtoto wa kidato cha nne anaweza kurekebisha jina shuleni wakati usajili wa mtihani bado uko wazi, kwa dakika chache tu. Baada ya matokeo kutoka, kazi hiyo huwa ndefu, ina viapo na gharama. Chukua cheti chake leo usiku, kiweke karibu na karatasi ya usajili, msome herufi kwa herufi.

Na mkopo haubagui chuo binafsi. Mwanafunzi anayesoma shahada ya ualimu AMUCTA pale Tabora, ambacho ni chuo cha kanisa, anaomba kwa mfumo uleule na anayesoma Chuo Kikuu cha Dodoma. Ndiyo maana nasema fedha inamfuata mwanafunzi.

Nije kwako wewe mwenyewe. Kwa mwalimu wa shule binafsi hakuna posho wala nyongeza inayotoka hazina. Kuna sheria zinazomlazimisha mwajiri, na kwa hali uliyoeleza hizo zina thamani kuliko ruzuku.

Mchango wa NSSF kwa jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na sehemu yako haitakiwi kuzidi nusu yake. Inayobaki ni ya mwajiri. Usiendelee kumwomba mhasibu wa shule risiti. Nenda ofisi ya NSSF Kigoma mjini na kitambulisho chako, omba taarifa ya michango, kisha ulinganishe mwezi kwa mwezi na hati zako za mshahara. Ukikuta miezi imerukwa, toa taarifa palepale kwa maandishi. Mfuko una mamlaka ya kumdai mwajiri na kumtoza adhabu, na wewe huna. Miezi hiyo ina uzito mkubwa. Fao la kukosa ajira, ambalo ni theluthi moja ya mshahara kwa muda usiozidi miezi sita, linataka uwe umechangia angalau miezi 18, na halimhusu aliyeacha kazi mwenyewe. Katika shule zinazopunguza walimu kila Desemba, michango iliyorukwa ndiyo inayokunyima fao hilo.

Asilimia 15 ya Bodi ya Mikopo inashughulikiwa vivyo hivyo. Omba taarifa ya deni lako moja kwa moja kutoka Bodi. Fedha iliyokatwa kwako ikibaki mikononi mwa shule, deni lako kule halipungui, na mwajiri anayechelewesha hutozwa faini yake mwenyewe. Ukiangalia taarifa hiyo, hakikisha pia ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani, iliyofutwa mwaka 2021, haiendelei kuongezeka kwenye deni lako.

Angalia vilevile kima cha chini. Amri ya mishahara ya sekta binafsi ina kipengele chake cha shule binafsi, kuanzia chekechea hadi sekondari. Ofisi ya Kazi ya mkoa watakuonyesha kiwango kinachotumika sasa, na kulipwa chini yake ni kosa hata kama ulisaini mkataba. Mgogoro ukifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, kumbuka muda: siku 30 kwa kuachishwa kazi, siku 60 kwa madai mengine. Walimu wengi hupoteza haki zao wakisubiri ahadi ya mkurugenzi.

Najua walimu wenzako wa stashahada wataniuliza kuhusu mkopo wa kwenda kusoma shahada. Bodi inataka mwombaji asiwe na ajira wala mkataba rasmi, serikalini au sekta binafsi, asizidi miaka 35, na awe amemaliza kidato cha sita au stashahada ndani ya miaka mitano. Mwalimu aliye kazini hakidhi sharti la kwanza. Anayetaka njia hiyo aamue mapema, kabla miaka mitano haijaisha, na aachane na kazi kwa taratibu, akiwa ameshachukua taarifa yake ya NSSF.