Isimu na lugha za kigeni chuo kikuu: jibu langu kwa mdogo wetu wa Ukerewe

Mdogo wangu, habari za Nansio. Umeuliza hivi: umemaliza kidato cha sita kwa HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), umechaguliwa kusoma Isimu na Lugha za Kigeni, mjomba wako anasema hiyo ni kupoteza miaka mitatu, na wewe mwenyewe unaogopa kwamba mtoto aliyekulia Kikerewe ataachwa nyuma na waliosoma shule za Kiingereza. Mimi nimesoma isimu pamoja na Kifaransa, sasa naishi Nyegezi, Mwanza, na kula yangu inatokana na tafsiri. Naanza na hofu yako, mjomba atafuata.

Isimu si kozi ya kufundishwa kuongea. Kiingereza utakihitaji kwa kusomea vitabu na kujibia mtihani, lakini kinachopimwa ni kama unaweza kuifungua lugha ukaona inavyofanya kazi: sauti zake, maumbo ya maneno, mpangilio wa sentensi. Mwenye lugha mbili tatu kinywani anaingia darasani na data yake tayari.

Nikupe mfano. Kwenye fonolojia, somo la mfumo wa sauti za lugha, mhadhiri alituandikia ubaoni Kanuni ya Dahl. Mjerumani Carl Meinhof ndiye aliyeiandika mwaka 1903, akaipa jina la Edmund Dahl, mmisionari aliyekuwa kwa Wanyamwezi. Inasema kwamba konsonanti kama t au k, isiyo ghuna (yaani isiyotetemesha koo), hugeuka kuwa ghuna (inayotetemesha koo, kama d au g) pale silabi inayofuata inapoanza na konsonanti nyingine isiyo ghuna. Wenzangu wengi walianza kukariri. Mimi masikioni nilikuwa namsikia shangazi yangu pale mwaloni Kirumba, akihesabu makopo ya dagaa kwa Kisukuma: ibili, idatu... Kiswahili ni tatu, Kisukuma ni idatu. Ile t ya kwanza imefuatwa na t nyingine, ikageuka d. Akifika itano, t inabaki t, kwa sababu inayofuata ni n, na n ni ghuna tayari. Kanuni nzima, pamoja na mahali inapokoma, ilikuwa kwenye hesabu ya dagaa. Sikuhitaji kuikariri, na mpaka leo haijanitoka.

Na Kikerewe chako je? Kina irabu fupi na ndefu zinazobadilisha maana ya neno, kina toni (kupanda na kushuka kwa sauti ndani ya neno), kina ngeli ambazo unazipatanisha bila kufikiri. Kiswahili sanifu hakina toni; kina shadda tu, yaani mkazo, inayokaa silabi ya pili kutoka mwisho. Kisukuma kina irabu saba, na toni yake ya juu inaweza kusikika silabi mbili mbele ya pale ilipoanzia. Ukifika kwenye mada ya toni utaona watu wanahangaika na mchoro wa mistari na nyota, nawe unasikia kabisa kinachochorwa. Wengi wetu tuliadhibiwa shuleni kwa kuongea kilugha, na inaniuma hadi leo, kwa sababu walikuwa wanatunyang'anya mtaji. Usiruhusu mtu akufanye uione lugha ya nyumbani kama ushamba.

Kuna jambo jingine linalounganisha pande zote mbili za kozi yako. Herman Batibo, mwanaisimu wa Kitanzania, aliandika kitabu kuhusu fonolojia na mofolojia (maumbo ya maneno) ya Kisukuma, kikachapwa Paris mwaka 1985. Kimeandikwa kwa Kifaransa. Msukuma anayetaka kusoma uchambuzi ule wa lugha ya mama yake inabidi ajue Kifaransa. Nilipokishika maktaba ndipo nilipoacha kuiona isimu na Kifaransa kama masomo mawili.

Sasa lugha ya kigeni yenyewe. Vipindi vya darasani havitoshi, nakuambia ukweli. Ukisubiri mhadhiri akuongeleshe utamaliza ukiwa na GPA nzuri na ulimi mzito. Jiwekee lengo la cheti kinachotambulika nje: kwa Kifaransa ni DELF, ujitahidi ufike B2, na cheti chake hakiishi muda. Kwa Kichina ni HSK. Na kwa Mwanza watu wa kuongea nao wapo. Wakongo na Warundi wanafuata dagaa na samaki hapa kwetu. Kwa Kiswahili mtaelewana vizuri, ila makaratasi yao mengi ni ya Kifaransa. Kongo imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, na kazi yangu ya kwanza ya kulipwa ilikuwa karatasi za mzigo za mama mmoja wa Bukavu. Upande wa Kichina, daraja la Kigongo–Busisi lenye kama kilomita tatu limejengwa na kampuni za China, na kazi ya reli ya kisasa (SGR) ya Mwanza–Isaka zimepewa kampuni za China vilevile. Penye kazi kama hizo mkalimani anahitajika kila siku.

Kuhusu mjomba: mweleze kwa heshima, na usimdanganye. Ajira haitakusubiri getini. Kama anataka uwe mwalimu, ajue kwamba shahada isiyo na masomo ya ualimu ndani yake haikupeleki darasani moja kwa moja. Utaongeza stashahada ya uzamili ya ualimu. Mbali na hapo kuna tafsiri na ukalimani, kuna taasisi kama Mahakama ya Afrika pale Arusha inayotumia lugha kadhaa, kuna utafiti. Anayefanikiwa ni yule mwenye lugha ya kigeni iliyoiva. Isimu peke yake, bila lugha iliyoiva, naona ni ngumu kuiuza, labda kama unalenga kubaki chuo.

Kabla hujathibitisha, soma mwongozo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) wa mwaka huu uone kozi yako inadai nini, hasa kama kuna lugha inayotaka uwe umeifaulu kidato cha sita. Na kabla hujavuka kwenda chuo, kaa na bibi, muombe ruhusa, umrekodi kwa simu akisimulia kwa Kikerewe anavyopika au alivyoolewa. Rekodi zitunze sehemu mbili. Mwaka wa tatu, wenzako watakapokuwa wanatafuta mada ya utafiti, wewe utakuwa na data mkononi.

Chuo hukukitaja, wala lugha unayoitaka. Vitaje hapa chini, nitakujibu kwa ninayoyajua.