Chai ya rangi ya saa kumi, kwa maji ya Dodoma

Msomaji mmoja wa Nkuhungu analalamika: chai yake ya alasiri inatoka nyeusi kama dawa ya mitishamba, inakaba ulimi, na ikianza kupoa inatanda utando juu. Ameshabadili majani mara tatu. Ndugu yangu, waache wenye duka wapumzike. Kosa liko kwenye maji na moto.

Maji kwanza. Ya Mzakwe, tunayoletewa hapa mjini, yanatoka visimani, na maji ya ardhini yana madini. Ndiyo maana birika linaota ukoko mweupe. Madini hayohayo yakikutana na majani ya chai ndiyo yanaleta ule utando. Chemsha maji usiku, yafunike, asubuhi mimina ya juu polepole na uache mashapo chini. Hayatakuwa kama ya mvua, lakini tofauti utaiona kikombeni.

Sasa moto, na hapa ndipo wengi wanapoharibu. Majani tunayouziwa, yawe ya Mufindi, Njombe au Rungwe, mengi ni punje ndogo zilizosagwa, na punje ndogo hutoa rangi upesi na ukali upesi vilevile. Kuyatokosa dakika kumi ni desturi ya chai ya maziwa, kwa sababu maziwa hufunika ukali. Chai ya rangi haina wa kuifunika.

Kwa lita 1: kata majani manne ya mchaichai vipande vya kidole, ponda iliki mbili, vichemke pamoja dakika tano. Mchaichai ni mgumu kutoa harufu, ndiyo maana unatangulia. Zima moto kabisa. Hapohapo tia vijiko vidogo viwili vya majani ya chai, visawazishwe, visiwe na kilima. Funika dakika tatu, kisha chuja. Usingoje maji yapoe kwanza: Dodoma iko zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, maji yetu yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi, kwa hiyo joto la ziada hatuna.

Ikitoka nyepesi mno, ongeza nusu kijiko cha majani safari ijayo. Usiongeze dakika. Dakika zinaleta uchungu kuliko zinavyoleta ladha.

Ndimu ikamuliwe kikombeni, baada ya kuchuja, matone tu. Rangi itang'aa na kuwa kama asali, na utando uliobaki utapungua. Tangawizi mimi naiona ya asubuhi. Saa kumi, jua likiwa bado kali, inafukuza mchaichai wote.

Anayependa uchachu aweke choya mkavu (rosela), vijiko vikubwa viwili, badala ya ndimu. Auchemshe pamoja na mchaichai, ila si kwenye sufuria ya alumini, maana asidi inaila. Na maziwa asiyasogeze: yatakatika papo hapo.

Chupa ya chai ipokee chai iliyochujwa tu. Majani yakiingia humo yanaendelea kutoa ukali hadi magharibi, na mgeni wa saa kumi na mbili anakunywa kitu kingine kabisa. Kizibo nacho kioshwe kila siku, hasa kama jana chupa ilikuwa na chai ya maziwa.